Kiliwahi Kulala Mezani? Hotuba kwa Wakusanyaji wa Kumbukumbu za Kasino za Kale

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wakusanyaji wa sarafu, noti na stempu. Tunaiweka yote kama ilivyosemwa, kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, ndugu wakusanyaji, hamjambo?

Nianze na wenye wasiwasi. Najua humu ndani wapo ambao kamari kwao ni haramu, na wapo waliosikia neno kasino wakaanza kutazama mlango. Tulieni. Hapa hatuchezi. Tunazungumzia vitu vilivyobaki baada ya wachezaji kwenda zao: chipu, yaani vile vidude vya duara vinavyotumika badala ya fedha mezani, dadu, karata, vitambaa vya meza, magurudumu ya ruleti. Mwenye noti za enzi za mkoloni kabatini hatumwambii kwamba anamtamani mkoloni arudi.

Swali langu leo ni moja, na nitalirudia mpaka mchoke: je, kitu hiki kiliwahi kulala mezani, yaani kilichezewa kweli ndani ya kasino? Muuzaji atakwambia ni cha zamani. Atakwambia kina jina la kasino maarufu. Atakwambia babu yake alikuwa mgawa karata. Msikilize kwa adabu, kisha ujiulize: kiliwahi kulala mezani?

Nitakaa zaidi Las Vegas, kwa sababu vingi tunavyoletewa vinadaiwa kutoka huko. Jimbo la Nevada, Marekani, ulipo mji huo, lilihalalisha kamari mwezi Machi 1931. Kasino ya El Rancho Vegas ikafunguliwa mwaka 1941 na kuteketea kwa moto mwaka 1960. Flamingo ilifunguliwa Desemba 1946, Desert Inn 1950, Sands 1952, Riviera 1955, Stardust 1958. Leo zipo wapi? Flamingo limebaki jina, majengo yake ya mwanzo yalikwisha bomolewa. Nyingine zote zimeangushwa. Sands ililipuliwa Novemba 1996, Stardust Machi 2007, na Tropicana, iliyoanza mwaka 1957, ililala chini Oktoba 2024. Kila jengo likianguka, bei ya vilivyotoka ndani yake hupanda, na wajanja hukesha kazini.

Tuanze na chipu.

Kwa nini chipu halisi ni chache, ilhali kasino moja iliagiza maelfu kwa maelfu? Jibu liko kwenye sheria. Kwa kanuni za Nevada, chipu ni mali ya kasino. Aliyeishika mkononi anashika ushahidi wa deni tu, kwamba kasino inadaiwa naye kiasi fulani. Kasino ikifunga au ikibadilisha chipu zake, inatakiwa kutangaza na kuwapa watu siku zisizopungua 120 kuja kubadilisha kwa fedha. Baada ya hapo zilizobaki ghalani huharibiwa chini ya usimamizi. Zamani, kabla kanuni hazijakazwa, kasino zilikuwa na njia zao: nyingine zilifukia chipu ardhini, nyingine zilizimwagia zege.

Kwa hiyo chipu iliyotufikia ni ile iliyoondoka mfukoni mwa mtu. Kasahau kuibadilisha, au kaiweka makusudi kuwa ukumbusho wa usiku mmoja. Ndiyo maana za dola moja na dola tano ni nyingi sokoni, na za dola 100 ni adimu. Nani husahau dola 100 mfukoni? Mtu akikuwekea mbele mrundo wa chipu za dola 100 za Sands, zote zinang'aa, zote zimetoka kwa mjane mmoja, wewe unapaswa kufikiri nini?

Hapo nina kisa, na hiki si cha Nevada. Kampuni ya Playboy ilifungua kasino Atlantic City, New Jersey, mwaka 1981. Haikupata leseni ya kudumu, na mwaka 1984 kasino ikaitwa Atlantis. Chipu za jina la zamani zilipelekwa kwenye kampuni moja Mississippi ziharibiwe. Hazikuharibiwa zote. Zilikaa kwenye maboksi miaka na miaka, baadaye zikaanza kutokea sokoni kwa wingi, na aliyekuwa amenunua moja kwa bei ya uadimu akajikuta ana kitu cha kawaida. Mtu mmoja akapeleka mzigo wake serikalini New Jersey, kwenye mfuko unaotunza fedha zisizo na mwenyewe, adai karibu nusu milioni ya dola. Akakataliwa, na mahakamani pia akashindwa. Hoja iliyommaliza ni kwamba chipu zile hazikuwahi kutolewa kwa mchezaji yeyote. Zilitengenezwa na kiwanda halisi, kwa ajili ya kasino halisi, lakini kasino haikuwa inadaiwa na mtu hata senti kwa sababu yake.

Mmeona? Kitu kinaweza kuwa halali kiwandani na bado kisiwe kimelala mezani. Kwenye daftari lako viandike tofauti: iliyotumika, iliyobaki ghalani, na ya kubuni, yaani iliyotengenezwa jana kwa jina la kasino iliyokufa. Ukiuza, uyaseme hayo kabla hujaulizwa.

Sasa mikono kazini. Unahitaji vitu vinne: lenzi ya kukuza mara kumi, kalipa ya kupimia kipenyo, mizani ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na ile taa ya zambarau wanayokagulia noti. Ongeza sumaku ndogo. Vyote vinaingia kwenye mkoba wa mkononi.

Pima kwanza kipenyo. Chipu ya kawaida ya Marekani ni milimita 39. Za meza ya bakara, mchezo mmoja wa karata, huwa kubwa zaidi, kama 43. Kisha weka mizani. Chipu za udongo zilizotumika kwenye kasino za zamani huwa kati ya gramu 8.5 na 10 hivi. Zile za dukani za kuchezea nyumbani ni gramu 11.5 hadi 14, kwa sababu ndani wameweka kipande cha chuma ili mkononi zihisiwe nzito. Weka sumaku. Ikivutwa, na muuzaji anasema ni ya udongo ya mwaka 1955, mrudishie na umtakie siku njema. Kuna chipu halali zenye madini ndani, kama zile za kampuni ya Bud Jones zenye duara la shaba katikati, na za Kifaransa za Bourgogne et Grasset huwa nzito. Kwa hiyo uzito peke yake usiufanye hakimu.

Hatua inayofuata ni ukingo wa uso, pale penye alama ndogo zinazozunguka. Hizo zinatoka kwenye kalibu, na kila kiwanda kilikuwa na kalibu zake. Paul-Son walitumia kofia na bakora. Wengine walitumia funguo, kichwa cha farasi, au alama za miraba. Kwa nini tunahangaika na vikofia? Kwa sababu Paul-Son ilianzishwa mwaka 1963. Nasema tena: 1963. Chipu yenye kofia na bakora haiwezi kuwa ya mwaka 1955, hata muuzaji aape kwa nini.

Soma na maandishi. Ikiandikwa "Las Vegas, NV", kumbuka kwamba vifupisho vya herufi mbili vya majimbo vilianza kutumiwa na posta ya Marekani mwaka 1963. Kabla ya hapo waliandika "Nev." au "Nevada" kwa ukamilifu. Herufi mbili zimewaumbua wauzaji wengi.

Halafu mabaka ya rangi ya pembeni. Kwenye chipu ya udongo, baka ni kipande cha udongo wa rangi nyingine kilichobanwa pamoja na chipu yenyewe. Ligeuze: rangi inaanza usoni, inapita ukingoni, inatokea upande wa pili bila kukatika. Kwenye bandia nyingi ni wino uliopakwa, na lenzi inakuonyesha umevuja kwenye vinyweleo au umechanika pale ukingo ulipogongwa.

Mhuri wa dhahabu unataka subira zaidi. Kuna watu hununua chipu tupu za kale, za udongo wa kweli, kisha huzichoma jina la kasino kwa karatasi ya dhahabu. Kipenyo sawa, uzito sawa, kalibu sawa. Utamkamata wapi? Kwenye uchakavu. Mezani chipu husuguana uso kwa uso, hivyo dhahabu hufifia kwanza pale uso ulipo juu, na mikwaruzo hukata mhuri. Mhuri ukiwa umepita juu ya mkwaruzo, ukaujaza, basi mkwaruzo ulitangulia. Chipu imechoka na jina lake bado bichi? Weka chini.

Na yenye karatasi katikati, izimie taa na uiwashie ile ya zambarau. Viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa za kung'arisha kwa wingi kuanzia miaka ya 1950. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe kali kwenye chipu inayodaiwa ya mwaka 1947, muuzaji anadaiwa maelezo.

Tujaribu yote hayo kwenye kasino moja, ambayo kwetu Waafrika ina uzito wake: Moulin Rouge. Ilifunguliwa tarehe 24 Mei 1955, upande wa magharibi wa Las Vegas, walikokaa Weusi. Wakati huo Nat King Cole na Sammy Davis Jr. waliweza kuimba kwenye kumbi za hoteli kubwa, lakini usiku ukiisha walitafuta vyumba vya kulala upande huo wa magharibi. Moulin Rouge ilikuwa ya kwanza mjini kukaribisha watu wa rangi zote meza moja. Bondia Joe Louis alisimama kupokea wageni. Walikuwa na onyesho la saa nane na nusu usiku, na wasanii wa hoteli nyingine walihamia huko wakimaliza kazi. Ikafungwa kabla mwaka haujaisha. Mwezi Machi 1960, katika jengo hilohilo, viongozi wa Weusi na wa mji walikubaliana kuondoa ubaguzi kwenye kasino. Moto uliliharibu jengo mwaka 2003.

Sasa pigeni hesabu: kasino yenye historia nzito kiasi hicho, na meza zake zilichezwa miezi tu. Chipu halisi zitakuwa ngapi? Na wanaozitaka ni wangapi? Pengo hilo ndilo linalojazwa na wajanja. Ukiletewa moja, usianze na historia, maana historia itakulainisha. Anza na kalibu, kisha herufi, kisha mabaka, kisha taa. Historia ije mwisho, wakati wa kulipa.

Dadu nitazipitia haraka, ila kuna hatari moja nataka mwondoke nayo.

Dadu ya kasino ya Marekani ina upande wa milimita 19, kingo kali, inaonyesha ndani, mara nyingi nyekundu. Vidoto vimetobolewa na kujazwa rangi yenye uzito sawa na ule uliotolewa, kisha vikasawazishwa, hivyo ukipitisha kucha hukwami. Kuna nembo na namba. Dadu huja tano kwa seti moja yenye namba moja; ukiuziwa jozi yenye namba mbili tofauti, hizo zimekutana kwako. Kasino nyingi ziliagiza herufi ya siri chini ya kidoto kimoja, ili mtu asiingize dadu yake mezani. Itafute kwa lenzi kutoka upande wa pili. Na dadu iliyostaafishwa hutiwa alama: mkwaruzo, duara, au tundu. Wakusanyaji wachanga huikimbia alama hiyo wakiona ni doa. Doa? Hiyo ndiyo shahada yake ya kazi!

Hatari ni hii. Dadu za zamani, za nusu ya kwanza ya karne ya 20, nyingi ni za seluloidi, yaani plastiki ya mwanzo, iliyotengenezwa kwa selulosi (nyuzi za mimea) iliyotiwa asidi ya nitriki. Zikizeeka huanza kupasuka ndani kama chumvi ya mawe, hutoa jasho la njano na harufu kali, na mvuke wake hula chuma na kuambukiza dadu za jirani. Tena hushika moto upesi mno. Usizifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, usiziweke pamoja na tokeni za fedha au shaba, usiziache juani. Zifunge kwenye karatasi isiyo na asidi, mahali pa baridi penye hewa, mbali na kila kitu unachokipenda. Iliyoanza kutoa jasho, iage.

Karata nazo hustaafishwa, kwa kutobolewa tundu katikati au kukatwa kona. Na hapa kuna mfano mzuri wa kuwatahini. Kasino ya Jerry's Nugget, North Las Vegas, ilichapishiwa karata na United States Playing Card Company mwaka 1970, nyekundu na buluu. Ziliuzwa kwenye duka la zawadi la kasino hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, pakiti chini ya dola moja. Wanamazingaombwe wakazipenda, duka likaishiwa, na leo pakiti iliyofungwa inauzwa mamia ya dola. Mwaka 2019 zikachapishwa upya kwa ridhaa ya kasino. Niulize: pakiti iliyofungwa ya mwaka 1970 ni halisi? Ni halisi. Ililala mezani? Haijawahi hata kufunguliwa! Ni bidhaa ya dukani yenye bahati. Anayeipenda ainunue, ila asiiweke kabati moja na karata yenye tundu kisha aseme ni ndugu.

Vitambaa na magurudumu: maneno machache tu, kwa sababu wengi wetu hatuna pa kuviweka.

Kitambaa kilichotumika kina ramani ya uchovu. Mbele ya mgawa karata nyuzi zimelala upande mmoja. Pale dau linapowekwa pameparuzika. Pembezoni kuna matundu ya pini, mengine yamechanika maana kitambaa kilivutwa kwa nguvu. Kuna alama za sigara. Kilichopakwa chai ili kionekane kikuukuu kimechoka sawasawa kote, na hakuna meza inayochoka sawasawa kote. Usikikunje, kiviringe kwenye bomba, maandishi yakiwa nje. Kikiwa cha sufu, nondo wanakisubiri: kifunge ndani ya plastiki, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache kwenye plastiki hiyohiyo hadi kirudi joto la chumba, kisilowe.

Gurudumu la ruleti la kasino lina kipenyo cha kama sentimita 81, na utataka vijana wawili wa kulibeba. Tafuta kibati cha mtengenezaji. Ukikuta jina la H.C. Evans wa Chicago, chunguza chini ya bakuli, kwa kuwa kampuni hiyo iliuza pia vifaa vya udanganyifu, na gurudumu lenye hila ndani lina soko lake. Kabla ya kulisafirisha kuja Tanzania, waulize Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kifaa cha kamari kikifika bandarini bila maelezo, hadithi ya ukusanyaji haitakutoa.

Nimeacha kitu kimoja kinachotuhusu sisi wa pwani moja kwa moja, nacho ni pembe.

Kabla ya udongo na plastiki, vyumba vya kamari vya Marekani vya karne ya 19 vilitumia chipu za pembe za ndovu zilizochorwa kwa mkono, maua, namba, wanyama. Mipira ya ruleti pia. Pembe nyingi zilizoingia Marekani wakati huo, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton, Connecticut, zilipitia Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani hadi Bagamoyo. Chipu moja mkononi haikwambii ilitoka kwa tembo wa wapi. Lakini njia tunaijua, na waliobeba tunawajua.

Kuitambua: itazame pale ilipokatwa, kwa mwanga wa pembeni. Pembe ya ndovu ina mafungu mawili ya mistari yanayokatana, na kwa tembo wa leo pale yanapokatana karibu na ukingo wa nje yanafanya kona pana. Mfupa una vitundu vyeusi vidogovidogo. Seluloidi iliyotengenezwa kuiga pembe ina mistari iliyonyooka sambamba, mizuri kupita kiasi. Msichome sindano ya moto, tafadhali. Mnaharibu, na ikiwa seluloidi mnawasha kiberiti.

Kuitambua ni kwa ajili ya kuiacha huko iliko. Tangu CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulipompandisha tembo wa Afrika mwaka 1989 kwenye orodha ya wanaolindwa zaidi, kwa kawaida pembe haivuki mpaka kibiashara, na Marekani ilibana zaidi mwaka 2016. Umri wa miaka mia moja una nafuu fulani ndani ya Marekani kwenyewe, ukiuthibitisha kwa karatasi. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hautasoma karatasi hizo kwa jicho la mkusanyaji. Mwambieni ndugu aliye Ohio asimfungie shangazi chipu za pembe kwenye sanduku la nguo.

Na kuhusu karatasi: cheti cha uhalisi kilichoandikwa na muuzaji mwenyewe ni maneno yake mara ya pili. Karatasi zenye faida ni zile zilizotangulia mauzo. Riviera ilipofungwa Mei 2015, vitu vyake viliuzwa mwezi huohuo ndani ya jengo lenyewe. Aliyehifadhi risiti na kibandiko cha bei, akapiga picha kitu kikiwa bado mahali pake, ana nguvu kuliko mwenye kitu kizuri zaidi asiye na kitu cha kuonyesha. Picha za zamani zinasaidia pia: maktaba ya Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, ina maelfu, na nyingi mnaziona mtandaoni bure. Kuza picha ya meza, hesabu mabaka kwenye chipu zilizopangwa, linganisha na ya kwako.

Hifadhi, kwa ufupi. Usioshe. Usipake mafuta, wauzaji hupaka ili rangi iamke, na baada ya muda karatasi ya katikati hujaa madoa. Epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu, hiyo ni PVC na hutoa utelezi unaoharibu. Tumia vikasha vigumu vya duara vya milimita 39. Kwa sisi wa pwani tatizo ni unyevunyevu: weka kipimo ndani ya kabati, na ulenge asilimia 40 hadi 50.

Nimemaliza yangu. Taa, mizani na lenzi viko kwenye meza ya mbele, na wenye vitu waje mmoja mmoja. Tutaanza na waliobeba dadu za zamani, tafadhali, kwa sababu chumba hiki kina zulia na madirisha mawili tu.